Kitanda si chao, nyumba je?

SWALI: Mwezi uliopita nilimpeleka mwanangu wa miaka kumi kuona nyumba ya kale iliyogeuzwa makumbusho. Inatunzwa na chama cha historia cha mji ule, watu wa kujitolea, wengi wao wastaafu. Nyumba ilipendeza. Lakini kila chumba tulichoingia mwongozaji alikuwa na lile lile: kitanda hiki si cha familia, meza hii tulipewa na msamaria, vyombo hivi tulinunua mnadani. Tulipofika ghorofani mwanangu akauliza kwa sauti, "Sasa cha kwao ni kipi?" Watu wakacheka. Mimi nikaona haya, ila swali lenyewe likanikaa. Tulilipa kiingilio tukaone nini, kama si maigizo? (Mama wa mdadisi)

JIBU: Dada yangu, usione haya. Mwanao ameuliza kwa maneno matano swali ambalo wahifadhi tunalizungushia mikutano mizima. Nimefanya kazi ya kuorodhesha na kutunza vitu vya nyumba za namna hiyo kwa miaka mingi, na nakuambia wazi: mwongozaji aliyekiri chumba baada ya chumba kwamba kitanda si cha familia hakuwaibia. Wa kumtilia shaka ni yule asemaye "hapa ndipo alipolala, na mto wake ndio huu" bila kupepesa macho.

Anza na jambo la kawaida kabisa. Mtu akifa, nyumba hubaki palepale. Vitu ndivyo vinavyotembea. Binti mkubwa huchukua kabati, kaka huchukua saa ya ukutani, vijiko vya fedha huliwa na madeni, godoro huchomwa moto. Nyumba nayo hupangishwa, hukatwa vyumba vidogo vidogo, hugeuzwa duka au ghala. Pengine miaka themanini baadaye, inapokaribia kubomolewa, ndipo watu wa mji wanaposhtuka na kuunda chama. Siku ya kukabidhiwa wanapewa ufunguo na harufu ya popo.

Hata wakubwa hawakuponea hapo. Mount Vernon, nyumba ya George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, huko Virginia, ndiyo iliyowafungulia njia wengine wengi nchini Marekani. Mwaka 1853 Ann Pamela Cunningham alianzisha chama cha wanawake cha kuiokoa. Mwaka 1858 wakakubaliana kuinunua kwa dola 200,000, na 1860 wakaingia. Waliikuta karibu tupu. Miongoni mwa vichache vilivyoachwa mlikuwa na tufe la dunia la Washington, sanamu ya udongo ya kichwa na kifua chake iliyofinyangwa na mchongaji Mfaransa Houdon, na ufunguo wa gereza la Bastille la Paris ambao Lafayette, jenerali Mfaransa rafiki yake, alimpelekea kama zawadi. Jumba zima, na vitu visivyojaza meza moja! Vingine vimetafutwa kimoja kimoja tangu hapo, kwa vitukuu na minadani, na visipopatikana huwekwa vya kufanana navyo.

Walijuaje watafute nini? Washington alipofariki Desemba 1799, wakadiriaji walipita nyumba yote wakiandika vitu na thamani yake, chumba kwa chumba. Ndivyo ilivyokuwa desturi ya mahakama za mirathi katika nchi nyingi, na si kwa marais tu. Hata seremala wa kijijini aliandikiwa orodha yake. Karatasi hiyo, orodha ya mali ya marehemu, ndiyo dhahabu ya kazi yetu. Ukiisoma taratibu unaweza kuwafuata wakadiriaji nyayo kwa nyayo: wameanzia sebuleni, wamepanda ngazi, wameshukia jikoni, wamemalizia bandani. Unakuta chumba cha juu upande wa kulia kilikuwa na vitanda viwili, pipa la nafaka na hatamu kuukuu. Kumbe kilikuwa cha kulala na ghala kwa pamoja, wala si "chumba cha bibi harusi" kama kijikadi cha mlangoni kinavyodai. Unaona bei pia. Kitanda pamoja na vitandiko na mapazia yake mara nyingi ndicho kilichokuwa ghali kuliko samani zote, kwa sababu manyoya ya godoro na kitambaa kizuri vilikuwa ni mali hasa. Meza nzuri ilifuata kwa mbali.

Unajifunza vilevile kutoiamini orodha hiyo kupita kiasi. Vitu vya mke mara nyingi havimo. Vya bei ndogo hufungwa pamoja kwa neno moja, "takataka za jikoni". Na warithi ni warithi: kuna vilivyotoka kwa mlango wa nyuma usiku wa kuamkia siku ya wakadiriaji, na hivyo hutaviona kamwe.

Basi chama kikiwa na orodha mkononi na nyumba tupu mbele yake, hujazia. Hapo ndipo pa kutega sikio, maana mwongozaji makini hutumia maneno matatu bila kuyachanganya. Akisema kitu ni "cha nyumba hii", anadai kwamba kilikuwa humu, na lazima aweze kukuonyesha kimefikaje: barua ya mtoaji, wosia, picha ya zamani, tangazo la mnada. Akisema ni "cha zama zile", anamaanisha kimetengenezwa wakati uleule lakini kimetoka kwingine. Akisema "nakala", kimetengenezwa juzi kwa kufuata mfano. Kutokana na uliyosimulia, vitu vingi mlivyoviona ni vya kundi la pili. Si vya uongo. Ni mashahidi wa zama, ila si mashahidi wa familia ile.

Cheo cha "cha nyumba hii" ndicho kinachogombaniwa na ndicho kinachodanganya zaidi. Niliwahi kulala chali chini ya sanduku la nguo, tochi mdomoni, katika nyumba moja nisiyoitaja. Ukoo uliolitoa uliapa kwamba babu yao wa kwanza alivuka nalo bahari katika karne ya 17. Mbele lilikuwa na nakshi za kuvutia. Lakini mbao za nyuma na za chini, ambazo hakuna fundi anayejisumbua kuzirembesha, zilikuwa na mikwaruzo iliyopinda kama vipande vya duara, mmoja baada ya mwingine, kwa nafasi sawasawa. Hiyo ni alama ya msumeno wa mviringo wa kiwandani, uliokuja kuenea katika karne ya 19. Babu alivuka na kitu, sikatai, lakini si hicho. Nilipowaambia, mzee mmoja wa chama akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi tuandike lilitolewa na nani, na hadithi waliyotuambia." Ndivyo kadi inavyosomeka hadi leo, na kwangu mimi ni kadi nzuri kuliko ile ya kwanza.

Kuhusu nakala, watu huzidharau upesi mno. Chukua pazia la hariri la miaka 200. Mwanga huliunguza kidogo kidogo na madhara yake hujumlishwa, usiku hauyafuti. Ndiyo maana makumbusho hujaribu kuziweka nguo na karatasi kwenye mwanga usiozidi luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga), kiza ambacho mgeni akitoka juani anahisi kama ameingia pangoni. Chama kina njia mbili: kulitundika pazia la asili dirishani hadi ligeuke unga, au kulilaza sandukuni kwenye karatasi isiyo na asidi na kutundika nakala. Nakala hiyo inalilinda la kweli. Na mara nyingine nakala hufika kwa njia za ajabu zaidi. Nyumba ya Karen Blixen, mwandishi wa Kidenmaki, pale Nairobi ilijengwa 1912 na kufunguliwa kama makumbusho 1986. Ndani yake vitu alivyovitumia mwenyewe vimechanganyika na vingine vilivyotengenezwa kwa ajili ya filamu ya 1985 kuhusu maisha yake. Hakuna ubaya, mradi ukiuliza kipi ni kipi ujibiwe.

Sasa nije kwenye kile mlichokilipia. Dada, kitu kikubwa kuliko vyote katika makumbusho ya nyumba hakiwekwi kijikadi wala kamba ya kuzuia watu. Mlikuwa mmesimama ndani yake. Boriti, ngazi, plasta, miimo ya milango, bawaba, mbao za sakafu: hivi havikugawanywa kwa warithi kwa sababu havibebeki. Mwanao alipouliza cha kwao ni kipi, mkono wake pengine ulikuwa juu ya jibu, umeshika ukingo wa ngazi uliolainishwa na viganja vyao.

Na nyumba husema, ukijua kuisikiliza. Shuka chini au panda darini, kusikokuwa na urembo. Boriti iliyochongwa kwa tezo ina mapigo mafupi, kama mawimbi yaliyoganda. Ubao uliopasuliwa kwa msumeno wa mikono miwili, mtu mmoja juu na mwenzake shimoni, una mistari iliyonyooka yenye nafasi zisizolingana, maana watu huchoka. Misumari nayo ina umri. Wa mhunzi umechongoka pande zote nne na kichwa chake kina alama za nyundo. Uliokatwa kwa mashine, ulioanza mwishoni mwa karne ya 18, umechongoka pande mbili tu. Wa waya, wa mviringo kama tunaoutumia leo, ulitawala mwishoni mwa karne ya 19. Haina maana kwamba ukiona msumari wa waya nyumba ni ya juzi. Fundi wa matengenezo alipita, basi. Katika nyumba za fremu ya mbao, angalia pale ulimi unapoingia kwenye tundu lake: mara nyingi utaona tarakimu za Kirumi zimekatwa kwa patasi, III upande huu na III upande ule. Mafundi waliiunganisha fremu chini kwanza, wakaweka alama, wakaifungua, kisha wakaisimamisha siku moja kwa nguvu za watu wengi. Ukigusa ile III unagusa asubuhi ya kazi.

Kisha kuna pete za miti. Katika nchi zenye majira ya baridi mti huongeza pete moja kwa mwaka, nene mwaka wa mvua, nyembamba mwaka wa ukame, na miti ya eneo moja hushiriki mfuatano uleule. Ukitoboa boriti kwa keekee yenye tundu na kulinganisha pete zake na mfuatano unaojulikana, na kama pete ya mwisho chini ya gome bado ipo, unaupata mwaka mti ulipokatwa. Kwa njia hiyo nyumba ya Fairbanks huko Dedham, Massachusetts, ilithibitishwa kuwa ya kati ya 1637 na 1641. Lakini pete haziwapendezi watu wote. Hapohapo Massachusetts, Chama cha Historia cha Ipswich kilinunua nyumba ya akina Whipple mwaka 1898, miongoni mwa mifano ya mwanzo ya chama cha mji kuokoa nyumba. Kwa muda mrefu iliaminiwa kuwa ya miongo kadhaa nyuma zaidi. Mbao zikasema 1677. Nyumba bado ni kongwe na bado ni nzuri. Tena nyumba hiyo haiko hata mahali ilipojengwa: mwaka 1927 ilihamishwa ikavushwa mto.

Rangi ndiyo ninayoipenda kuliko yote. Mchunguzi huchimba kitundu kidogo kuliko punje ya mchele, kwenye kona ambayo brashi haikusugua sana, hutoa kipande na kukitazama ubavuni kwa hadubini. Tabaka zinajipanga kama kurasa: nyeupe ya juzi, maziwa, kahawia ya vita, masizi, kijani, na chini kabisa ile ya kwanza juu ya mbao mbichi. Masizi kati ya tabaka yanakudokezea kama rangi ile ilikaa muda mrefu ikipigwa na moshi wa taa. Huko Mount Vernon wageni walizoea kuta za rangi tulivu, zenye heshima, zile tunazodhani wazee walizipenda. Uchunguzi ulipofanywa kwenye chumba kidogo cha kulia, kikajitokeza kijani kikali kama shaba iliyoota kutu. Watu walikasirika! Walihisi Washington amevunjiwa heshima, na kumbe ndivyo alivyotaka: rangi ile ilikuwa ghali na kila mgeni aliyeketi pale alilijua hilo. Na kwa kuwa umezungumzia maigizo, zunguka nje ya nyumba hiyohiyo. Kuta unazoziona za mawe si mawe. Ni mbao zilizokatwa kingo zake, zikapakwa rangi na kurushiwa mchanga kabla haijakauka, zionekane mawe. Mwenyewe Washington ndiye aliyeagiza. Kwa hiyo anayetengeneza mawe ya mbao pale leo anahifadhi kwa uaminifu udanganyifu wa mwenye nyumba.

Hata hivyo sitaki uondoke ukidhani samani hudanganya na kuta ni malaika. Kuta nazo zimeguswa, na mara nyingi na sisi wahifadhi wenyewe. Paul Revere, mfua fedha na shujaa wa mapinduzi ya Marekani, aliimiliki nyumba yake ya Boston kati ya 1770 na 1800. Nyumba yenyewe ilikuwa imejengwa karibu 1680, na kabla hajainunua ilikuwa imeshaongezwa ghorofa ya tatu. Mwaka 1902 kitukuu wake aliinunua isibomolewe, na ilipofunguliwa kwa umma mwaka 1908 mafundi walikuwa wameiondoa ile ghorofa ya juu ili nyumba irudi kwenye sura ya karne ya 17. Sehemu kubwa ya mbao zake ni za asili kabisa. Lakini paa unaloliona si lile ambalo Revere aliliona akirudi kazini jioni. Walitaka mambo mawili kwa pamoja, nyumba ya Revere na nyumba kongwe, wakachagua ukongwe.

Huko St. Augustine, Florida, Chama cha Historia cha mji kinamiliki tangu 1918 nyumba iliyojulikana kwa jina la "nyumba kongwe kuliko zote", na hadithi za zamani ziliifikisha hadi karne ya 16. Wachimbuaji wakachimba. Mji uliteketezwa na Waingereza mwaka 1702, na nyumba iliyosimama leo ni ya baada ya moto huo, mwanzoni mwa karne ya 18, ingawa chini yake mna mabaki ya makazi ya kabla. Ninawaheshimu vyama vya namna hii. Kukubali kwamba nyumba yako ni changa kuliko bango lako kunataka moyo, hasa kama bango ndilo linaloleta wageni.

Ugomvi huu ni wa siku nyingi. William Morris, msanii na mwandishi Mwingereza, aliunda chama chake cha kulinda majengo ya kale London mwaka 1877 kwa hasira tu, akiona majengo ya kale yanakwanguliwa na kufanywa "ya kale zaidi". Mkataba wa Venice wa 1964, wa kimataifa kuhusu uhifadhi, ukaja kuliweka kwa sentensi ambayo kila mhifadhi anaikariri kwa namna yake: urejeshaji ukome pale kubahatisha kunapoanza. Rahisi kusoma, ngumu kutii, hasa kamati inapokuwa na fedha ya mfadhili ambaye anataka kuona ukumbi ukiwa umejaa kabla ya sherehe.

Kuna walioamua kutobahatisha kabisa. Drayton Hall, jumba la Carolina ya Kusini lililoanza kujengwa 1738, halina samani. Lilipochukuliwa na Shirika la Taifa la Uhifadhi mwaka 1974, waliamua kulituliza tu lisiharibike zaidi, bila kulirejesha wala kulipamba. Unatembea kwenye vyumba vitupu, na kwenye mwimo mmoja wa mlango unakuta mistari ya kupimia urefu wa watoto wa familia, na majina yao. Amsterdam nako, katika nyumba walimojificha akina Frank, familia ya Kiyahudi iliyowakimbia Wanazi, vyumba viko vitupu. Samani zilibebwa baada ya familia kukamatwa tarehe 4 Agosti 1944, na makumbusho yalipofunguliwa 1960 Otto Frank, baba wa familia na pekee kati yao aliyerudi hai, alitaka utupu ule ubaki. Ukutani kuna mistari ya penseli: Margot na Anne, binti zake, wakipimwa urefu. Mafichoni mle Anne alirefuka zaidi ya sentimita 13. Sijaona kitanda chochote, kiwe cha kweli au cha kuazima, kinachoweza kusema kama ile mistari.

Lakini sikubaliani na wenzangu wanaosema nyumba zote zingeachwa tupu. Utupu unafaa pale ambapo utupu wenyewe ndiyo habari. Kwenye nyumba ya mfanyabiashara wa kawaida wa mjini, chumba kitupu kinaonekana kama kinangoja mpangaji, na mtoto wa miaka kumi atakuwa ametoka nje kabla hujamaliza sentensi. Kitanda cha kuazimwa kinamfanya aelewe kwamba watu sita walilala katika eneo lile. Anachostahili ni kuambiwa kwamba kimeazimwa, na hilo mliambiwa.

Kinachonikera mimi si kitanda. Ni yale maneno yanayozunguka kitanda. Mtaambiwa vitanda vya zamani ni vifupi kwa kuwa watu walikuwa wafupi. Vipime: vingi havipungui sana urefu wa vya leo, ila nguzo ndefu, mapazia na mito minene huvifanya vionekane vifupi. Wanaume wazaliwa wa Marekani waliopigana vita vya uhuru walikuwa na wastani wa sentimita 173 hivi. Mtaambiwa nyumba hazikuwa na kabati za ukutani kwa sababu zilitozwa kodi kama vyumba. Hakuna sheria ya hivyo iliyopatikana, watu walitumia masanduku na makabati ya kusimama. Halafu kile kigurudumu cha kusokotea nyuzi. Kiko kando ya jiko katika nyumba zisizohesabika, wakati orodha za mirathi zinaonyesha kaya nyingi hazikuwa nacho, au kilikuwa darini kimevunjika. Mapenzi hayo yalichochewa sana na Maonyesho ya Philadelphia ya 1876, ambako jiko la "zamani za mababu" lilijengwa na watu wakalipenda, kisha kila chama kikataka la kwake. Kigurudumu kinatueleza watu wa 1876 walitamani mababu wa namna gani.

Kuna neno moja katika swali la mwanao ambalo nimelibakisha, "kwao". Kwa akina nani? Familia iliyoandikwa kwenye bango la mlangoni haikuwa peke yake humo ndani. Washington alipofariki, Mount Vernon ilikuwa na watumwa 317, na kwa miongo mingi mgeni angeweza kuizunguka nyumba yote bila kusikia jina la hata mmoja wao. Nyumba ya 97 Orchard Street, New York, haikukaliwa na mtu yeyote mashuhuri: ilijengwa 1863, ikapangishwa kwa wahamiaji wapatao 7,000 hadi vyumba vilipofungwa 1935, na leo ni makumbusho kwa sababu hiyohiyo. Hata katika nyumba mliyoizuru kulikuwa na wafagiaji, wapishi, yaya, mpangaji wa chumba cha nyuma. Wao hawakuacha samani, maana hawakuwa nazo. Walichoacha ni uchakavu: kizingiti cha jikoni kilicholika kuliko cha mlango wa mbele, ngazi nyembamba ya nyuma yenye mabonde katikati ya kila kidato, ukuta uliojaa masizi pale taa ya mtumishi ilipotundikwa. Katika nyumba nyingi nilizofanyia kazi, kitu cha "kwao" chenye uhakika kuliko vyote kilikuwa kile kidato.

Kwa hiyo mrudishe. Nenda siku ambayo haina wageni wengi. Wazee wa chama hufurahi kuulizwa kuliko unavyodhani, na wengi wao wana ufunguo wa dari ambao hawautoi kwa kundi la watu ishirini. Waombe wakuonyeshe orodha ya mirathi kama ipo, hata nakala tu, na mwanao aisome chumba kwa chumba huku akitafuta kilichopungua na kilichozidi. Uliza nyumba imerejeshwa ifanane na mwaka gani, nani aliuchagua, na ni nini kilibomolewa ili kuupata. Omba kuona mahali paliposazwa bila kukarabatiwa, maana vyama makini huacha kidirisha ukutani ili plasta na mbao za ndani zionekane. Mpe mtoto tochi, aiwashe kwa ubavu, ikilala sambamba na ubao. Mwanga wa ubavu hufichua mikwaruzo ambayo mwanga wa mbele huificha. Aguse anachoruhusiwa tu, na akipewa glavu azivae bila kubishana.

Na kile kigurudumu kama kipo kando ya jiko, mwulizeni mwongozaji kilitoka wapi. Akikujibuni "sijui, tulikikuta hapa tulipoanza", mchangieni sanduku la michango.